Nyumba Iliyojaa Kila Jumamosi

Jumamosi, 1 Februari

Mimi nimezaliwa na nyota, na anayebisha aje aione imefungwa juu ya televisheni yangu. Mji huu una nyumba kama mchanga, lakini kampuni inayohesabu watazamaji imechagua nyumba ya nani? Ya fundi makochi. Sio ya daktari, sio ya mwalimu mstaafu hapo jirani mwenye vitabu mpaka chooni. Yangu mimi. Nimekaa miji minne, nimelala melini, nimekula na matajiri na wezi, siku nyingine meza moja, lakini kuchaguliwa namna hii sijawahi.

Kisanduku chenyewe ni kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kina waya unaozunguka nyuma ya televisheni, kinasikiliza sauti na kujua tumefungua kituo gani. Kisichojua ni nani yuko sebuleni. Ndiyo maana tumepewa rimoti yake ya pekee, na kila mtu ana kitufe chake: mimi namba moja, mke wangu mbili, mama mkwe tatu, binti yangu nne. Ukiingia unabonyeza, ukitoka unabonyeza tena. Hata mgeni ana kitufe, unaingiza kama ni mwanamume au mwanamke na umri wake wa kukadiria.

"Ishi kama sipo, mzee," aliniambia jamaa aliyekuja kukifunga, ambaye nimeshambatiza Bwana Kisanduku. "Angalia ulichokuwa ukiangalia. Na usimwambie mtu. Nyumba yako inasimama badala ya maelfu ya nyumba zinazofanana nayo."

"Maelfu?"

"Maelfu."

Kwa hiyo nikienda chooni, nusu ya mji imekwenda chooni. Mtu wa cheo hiki hawezi kukaa bila kuandika kumbukumbu. Shule niliishia darasa la saba, lakini mkono wangu unaandika, na mdomo wangu unajulikana.

Jumapili, 2 Februari

Nimebonyeza, nimebonyezua. Hilo neno la pili nimelibuni mimi.

Jumatano, 5 Februari

Mama mkwe amekipokea kisanduku kama askari aliyekabidhiwa lango. Akiinuka kwenda kutazama chungu jikoni anatangaza, "Natoka," anabonyeza. Akirudi, "Nimeingia." Jana alibanwa na kikohozi, akatoka, akakohoa uani, akaingia. Mke wangu akamwambia, "Mama, kukohoa si kutoka." Akajibu, "Nilikuwa naangalia ukuta. Ukuta haumo kwenye hesabu."

Mimi ndiye ninayesumbuka. Tangu kisanduku kije nimegundua kwamba siwezi kukaa. Nakaa, nasikia mteja getini, nainuka, nabonyeza. Narudi, nakumbuka gundi nimeiacha wazi karakana, nainuka. Mke wangu anasema namba moja inaruka kama kiroboto.

Jumapili, 9 Februari

Leo alikuja mdogo wangu. Mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu tangu utotoni hana mahali pa kuzimia. Na Mungu si Athumani, mdomo uliomchapisha bakora shuleni sasa unamlisha: anatangaza mpira wa daraja la pili kila Jumamosi saa kumi jioni, kwenye kile kituo kidogo ambacho picha yake hutetemeka kana kwamba nayo inasikia baridi. Mwanamke pekee anayetangaza mpira pale. Wanaume wawili waliomtangulia walikuwa wakisoma majina ya wachezaji kama wanaita mahudhurio. Yeye anauimba.

Leo hakuimba. Alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Bosi amesema, kaka. Ligi ikiisha, kama namba hazijapanda, mpira wa Jumamosi unatolewa. Wataweka matangazo ya masufuria."

"Na wewe?"

"Nitauza masufuria, au nitakaa nyumbani. Mimi sijui kazi nyingine. Wewe unanijua."

"Hizo namba zinatoka wapi?" nikamwuliza, uso mkavu kama wa hakimu.

"Kuna nyumba zimefungiwa vyombo. Hakuna anayezijua. Mimi nikiingia hewani huwa najiuliza wako wapi hao watu, wanakaa vipi, wamevaa nini."

Mke wangu akanikanyaga chini ya meza, maana ananijua. Nikajaza mdomo chai. Nimeandika hapa ili mdomo upate nafuu.

Jambo moja tu. Jumamosi saa kumi sisi hapa huwa tunaangalia ligi kubwa za nje, kama dunia yote. Sasa niambiwe: kumwangalia mdogo wangu ni kudanganya?

Jumamosi, 15 Februari

Tumemfungulia Redio. Wote wanne tumebonyeza. Binti yangu alinuna, alikuwa na mechi yake kubwa. Mabao mawili kwa moja, naambiwa. Wakati wa goli la kwanza nilikuwa getini na mtu wa kitambaa.

Jumatano, 19 Februari

Nimewaza siku tatu. Nyumba yangu ni maelfu. Kichwa kimoja zaidi kwenye kochi ni maelfu ya vichwa. Mtu mwongo angekaa peke yake na kubonyeza wageni hewa, mwanamume, mwanamke, mzee, mtoto, nani atajua. Mimi si mwongo. Mimi nitaleta wageni wenye miili.

Jumamosi, 22 Februari

Wageni sita. Nimewaambia ni kumpa moyo mdogo wangu tu. Habari ya kisanduku nimeimeza, na imenikaa kooni kama mfupa.

Jumamosi, 1 Machi

Leo sebule ilijaa. Viti havikutosha, lakini mimi ni fundi makochi au fundi baiskeli? Nimetoa karakana kochi la watu watatu la mama mmoja wa dukani, viti viwili vya wakili na stuli sita zisizo na sponji. Wamekuja muuza mkaa na mkewe, kinyozi na wateja wake wawili, mmoja amenyolewa upande mmoja, na mwalimu mstaafu, aliyeuliza kama kuna masharti.

"Kuangalia tu, mwalimu."

"Kuangalia si jambo dogo, fundi," akasema, akakaa kwenye kiti cha wakili.

Nikasimama mlangoni na rimoti kama kondakta. Mwanamume, makamo, bonyeza. Mwanamke, kijana, bonyeza. Mama mkwe akawa nyuma yangu kama mkaguzi.

"Huyu wa pembeni amelala. Aliyelala anahesabiwa?"

"Mama, macho yamelala, masikio yako kazini."

"Anakoroma."

"Anashangilia kwa ndani."

"Mtoe," akasema, na hakuniondokea mpaka nikamtoa muuza mkaa kwenye hesabu. Alipoamka kwa kelele za kona, tukamrudisha.

Nyumba ilitikisika. Kelele zilitoka mpaka barabarani, wawili wakaingia bila kualikwa. Nilipata jasho la furaha. Mchezo uliisha tatu kwa tatu.

Jumanne, 4 Machi

Mama wa dukani amekuja kulipima kochi lake, akakuta kinyozi amelikalia akinywa chai. Kinyozi alipoinuka, mama akaweka kiganja.

"Fundi, mbona kochi langu lina joto?"

"Tunajaribu springi, mama. Springi isipokaliwa haijui kazi."

Aliniangalia sana. Kisha akauliza Jumamosi mechi ni saa ngapi.

Jumapili, 9 Machi

Redio alikuja mbio, viatu mkononi kwa sababu ya tope, maana mvua zimeanza. Namba zimepanda. Bosi amemwita ofisini, na safari hii alimpa kiti. Kuna kampuni ya rangi za nyumba inataka kudhamini Jumamosi msimu ujao wote.

"Sijui nimebadilisha nini, kaka. Labda zile pumzi ninazovuta kabla ya mpira wa adhabu."

"Ni pumzi," nikasema.

"Au labda watu wamenizoea."

"Utamu haujifichi, mdogo wangu."

Akacheza katikati ya sebule, mama mkwe akapiga makofi. Ulimi uliniwasha kama umepakwa pilipili. Mke wangu akanituma bafuni nikalete kitu ambacho hakipo, nikaenda nikakitafuta.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kubwa. Umeme umekatika dakika chache baada ya mchezo kuanza, na sauti ya Redio ikakatika katikati ya neno. Hakuna aliyeondoka. Mimi nilizunguka nyumba nzima, swichi, nguzo, swichi, nguzo. Nilikuwa naona maelfu ya sebule zimezimwa kwa pamoja kwa sababu yangu. Umeme ulirudi kwenye dakika za nyongeza. Wote wakapiga kelele, mimi nilikuwa juu ya ngazi.

Jumamosi, 22 Machi

Kumi na tano. Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Watu wameanza kuja wenyewe. Mama wa dukani analikalia kochi lake mwenyewe na kumkemea anayeweka mguu. Mke wa muuza mkaa, ambaye Februari alidhani kipa ni mchezaji aliyeadhibiwa, leo amemfokea mwamuzi kuhusu mtego wa kuotea.

Binti yangu ameniuliza, "Baba, kwani wewe uko timu gani?"

"Timu ya shangazi yako."

"Shangazi si timu. Nyekundu au nyeupe?"

Nikatazama kioo cha televisheni kujua nani amevaa nyeupe, mtu akagonga mlango, nikaenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Bwana Kisanduku alikuja bila kupiga simu. Alikaa ukingoni mwa kochi, akakataa chai, na mtu anayekataa chai kwangu ana habari mbaya.

"Mzee, Jumamosi zako zimetolewa kwenye hesabu."

"Zimetolewa zikapelekwa wapi?"

"Hazipo. Tangu tarehe ishirini na mbili Februari. Mashine pale ofisini inalinganisha nyumba zinazofanana. Ikiona nyumba moja inafanya kitu ambacho hakuna nyingine inafanya, tunaiweka kando."

"Bwana, watu walikuwepo. Wana majina, wana makalio, angalia stuli hiyo imepasuka. Sikubonyeza mtu hewa hata mmoja. Aliyelala tulimtoa. Muulize mama."

"Nilimtoa mwenyewe," mama mkwe akasema.

"Nawaamini." Na kweli aliniamini, ndicho kilichoniuma. "Nyumba yako inasimama badala ya maelfu. Wewe ukiweka watu kumi na tano sebuleni, sisi tunasema maelfu ya sebule zina watu kumi na tano. Mzee, mji huu hauna viti hivyo."

 Mimi ndiye ninayetengeneza viti vya mji huu, najua.

"Basi watoe wageni, utuache sisi wanne."

"Siku ikitolewa inatolewa yote."

"Hata mama mkwe?"

"Hata mama."

Mama mkwe akatazama rimoti mapajani mwake.  Miezi miwili mtu ametangaza kila kikohozi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilitaka kuwafukuza. Wamekuja kabla sijafungua mdomo. Nimekaa karakana napiga pini kwenye mbao isiyo na kitambaa.

Jumapili, 6 Aprili

Redio alikuja jioni. Hakuvua viatu, alikaa na tope lake.

Namba zimerudi pale zilipokuwa Februari. Kituo ni kidogo, nyumba moja kwao ni nguzo. Ikitoka, paa linainama. Kampuni ya rangi ilikuwa imeshaonyeshwa namba za Machi. Sasa inasema imedanganywa na haitaki hata kusikia neno Jumamosi. Bosi amesema mechi ya tarehe ishirini na sita ndiyo ya mwisho. Masufuria yanaanza Mei.

"Wangeniambia mwanzo tu kwamba sipendwi, ningeelewa," akasema. "Lakini kunipandisha halafu kunishusha. Mwezi mzima nilikuwa naingia hewani nikijua kuna watu."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaacha kukunja.

"Wametuambia kulikuwa na nyumba moja," Redio akaendelea. "Ilijaa kila Jumamosi. Wazee, vijana, wanawake. Hawakuamini kwamba kuna nyumba ya namna hiyo, wakaitupa. Bosi anasema ni wahuni walikuwa wanachezea vitufe. Mimi sidhani, kaka. Mimi nadhani kuna mahali watu walikuwa wanakaa pamoja wakinisikiliza. Ningependa kuwajua."

Nimepigana na mabaharia wawili kwa mkupuo, na wote walikuwa wakubwa kuliko mimi. Hii ilikuwa nzito zaidi. Nikaenda kwenye televisheni, nikatoa kitambaa nilichofunikia kisanduku kila alipokuja.

"Ni hapa," nikasema.

Alikitazama. Akamtazama mke wangu, mke wangu akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikamweleza yote, viti vya wakili, kinyozi, umeme, bila utani, na bila utani mimi hueleza vibaya.

Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea kama mvua.

"Walikuwepo kweli?" akauliza.

"Kweli tupu. Kumi na tano. Siku nyingine na nusu, maana mke wa muuza mkaa ni mjamzito."

"Walikuwa wananisikiliza?"

"Wananyamazishana ili wakusikie."

Akafuta macho kwa nyuma ya kiganja, akacheka kidogo. Nikaona mambo yameisha, na mimi nikiona mambo yameisha huwa naongeza chumvi. Nikamwambia nimefurahia kila neno lake, tangu mechi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Ile ya tatu kwa tatu," akasema. "Goli la mwisho, yule mchezaji wa akiba. Nilisemaje?"

"Ulisema... ulisema vizuri sana."

"Nilisemaje, kaka?"

Kwenye kochi binti yangu akainua kichwa. Alijua. Mama mkwe alijua, alikuwa anajizuia kama mwanafunzi wa mbele. Mimi sikujua. Nilikuwa mlangoni na rimoti.

"Umeniletea mtaa mzima," Redio akasema, "wewe mwenyewe hujanisikiliza hata mara moja."

Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema majina ya timu. Akamuaga mama mkwe, akatoka, na alama za tope lake zilibaki sakafuni. Mke wangu alizipiga deki bila kunitazama.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Sina la kuandika, na mimi kukosa la kuandika ni ugonjwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia Redio mara mbili. Anapokea, anasema yuko kazini. Mke wangu anasema niache kupiga. "Wewe kila kitu unakitengeneza kwa kuongeza sponji," ameniambia.

Jumamosi, 12 Aprili

Bwana Kisanduku amekuja kukifungua. Skrubu nne tu. Safari hii alikunywa chai. Juu ya televisheni pamebaki pembe nne safi zisizo na vumbi. Nimezifuta, zikarudi kuonekana.

Jumamosi, 19 Aprili

Mechi imeahirishwa, uwanja ni bwawa. Mama mkwe aliinuka kwenda jikoni, akasema, "Natoka." Hakuna aliyemcheka.

Jumamosi, 26 Aprili

Mechi ya mwisho ya Redio.

Sikualika mtu. Nilifunga karakana mchana, nikaweka simu ndani ya ndoo ya pini, nikamwambia mke wangu getini akija hata rais nimesafiri. Saa kumi kasoro mwalimu mstaafu akabisha hodi, amebeba kiti chake mwenyewe kichwani. Akafuata mama wa dukani, ambaye kochi nilishampelekea kwake wiki iliyopita. Akakaa kwenye stuli bila kulalamika. Muuza mkaa na mkewe. Kinyozi alifika amefunga kazi. Nikawaambia kisanduku kimeondoka, hakuna anayehesabu tena. Wakashangaa: kisanduku gani? Hawakuwahi kujua. Walidhani ile rimoti ni ya kuongeza sauti.

Nikakaa. Nilikaa katikati ya kochi, kati ya mama mkwe na binti yangu, wakanibana kama mtuhumiwa. Mguu ulicheza, binti akauwekea mkono. Mara tatu nilisikia geti, mara tatu mama mkwe akasema, "Si lako."

Na nikamsikia mdogo wangu. Sikujua kwamba anafanya vile. Mpira ukiwa mbali na goli anaongea chini kabisa, kama anakusimulia siri za jirani: huyu beki wa kushoto asubuhi anaendesha lori la maji, ndiyo maana hachoki, huyu kipa mama yake amekaa nyuma ya goli na mwavuli, anamwambia asogee. Kisha mpira ukivuka katikati sauti inapanda ngazi, inapanda, unajikuta umeinua makalio bila kujua. Alivuta zile pumzi kabla ya adhabu. Sebule nzima ikavuta naye. Goli lilipoingia alinyamaza kwanza. Akauacha uwanja upige kelele wenyewe, halafu ndipo akasema, taratibu, "Mama amefunga mwavuli."

Nililia. Nitaandika hivyo hivyo. Kinyozi alinipa taulo lake lenye nywele.

Mwisho hakulalamika hewani. Aliwashukuru wanaocheza kwenye tope na wanaowatazama, akasema, "Na mahali fulani kuna nyumba. Asanteni." Mwalimu akainua kofia yake kidogo mbele ya televisheni.

Jumapili, 27 Aprili

Redio alikuja bila kuitwa. Alisimama mlangoni.

"Mama amefunga mwavuli," nikamwambia. "Na beki wa kushoto anaendesha lori la maji. Na dakika ya sitini hivi ulimwita mwamuzi jina la mwenzake, ukajirekebisha, ukacheka puani."

Akavua viatu.

Kazi hana. Kuanzia Mei atakuwa anakaa karakana na mimi mpaka apate pengine, amesema atawatangazia wateja makochi yao. Tulikunywa chai, akanitania kama zamani.

"Lakini kaka una bahati yako. Mji mzima huu, wakakuchagua wewe."

Hapo ningeweza kuitikia. Nimeitikia uongo mkubwa kuliko huo nikiwa nimekaa vibaya zaidi. Nikamwambia, na sasa naandika kama nilivyomwambia: hakuna aliyenichagua. Walikuwa wanatafuta nyumba yoyote ya fundi mwenye televisheni moja, wakagonga mtaa mzima, na mtaa mzima ukawakatalia kabla hawajaeleza shida yao. Siku ile sikuwa na kazi wala mteja. Niliwaona wanapita na begi lao, nikawaita mimi kutoka barabarani, nikidhani wanataka makochi.